Hautoki, Siyo Hatoki: Mwalimu Silvana na Shimo Jeusi

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Ninyi mnaopepeta maharage, ninyi wa madukani hapa mjini, ninyi wa Matai, na ninyi wa Kirando mnaoanika dagaa saa hizi. Ni mimi Urbano wenu. Leo sauti yangu ina ukali kidogo, mtanivumilia. Tumempoteza Mwalimu Silvana Mwanakulya, na sina mpango wa kumzungumzia kwa kunong'ona. Yeye mwenyewe hakuwahi kunong'ona.

Mwalimu Silvana alifariki Jumatano iliyopita, Kirando, kwa ugonjwa wa moyo. Narudia: kwa ugonjwa wa moyo. Mbele ya safari mtaelewa kwa nini narudia.

Alizaliwa karibu na Matai. Baba yake, Mzee Alois, alikuwa mkulima wa ulezi. Siku moja aliwachukua wanawe kwenda kuona maporomoko ya Kalambo, huku amemshika Silvana gauni kwa nyuma asije akateleza. Mdogo wake Silvana, Bi Hilaria, ameniambia hivi: "Sisi wengine tulirudi tunasimulia ngurumo za maji. Silvana alirudi anauliza habari za samaki. Eti, baba, samaki akifika pale ukingoni anajua kwamba harudi tena? Baba akamjibu, anajua mwanangu, ila anajua akiwa ameshachelewa."

Huyo samaki mkumbukeni. Atarudi.

Silvana akasoma, akawa mwalimu. Miaka ya tisini inamkuta akifundisha shule ya msingi kwenye kijiji kimoja huku juu Ufipa, kabla hujashuka kwenda Muze. Kijiji sikitaji. Wenyewe wanajijua. Ilikuwa miaka ya soko huria, mnaikumbuka. Vitu vilijaa madukani, na redio ndogo za betri zikaja kwa wingi kutoka Tunduma. Mwalimu akanunua yake. Humo ndimo alimosikia, kwenye matangazo ya nje, kwamba huko angani kuna kitu kinaitwa shimo jeusi.

Mtu mwingine angezima redio akalale. Silvana alikwenda nalo darasani, darasa la sita, kipindi cha Sayansi. Halikuwamo kwenye muhtasari. Alisema muhtasari hauna ukuta.

Aliwaambia watoto: nyota ni moto mkubwa. Nyota kubwa kupita kiasi ikimaliza kuni zake, inajiangukia yenyewe ndani kwa ndani, inakuwa ndogo lakini nzito ajabu. Uzito huo unavuta kila kilicho jirani. Kisha akawaletea Kalambo yake. "Samaki akiwa mbali na maporomoko anaogelea apendavyo. Akisogea, mto unakaza mwendo. Akivuka ukingo, hata awe na misuli kama ng'ombe dume, hageuki. Shimo jeusi lina ukingo kama huo. Hata mwanga, wenye mbio kuliko vitu vyote, ukivuka hautoki. Ndiyo maana ni jeusi."

Mtoto mmoja akanyoosha kidole. Aliitwa Jenifer. "Mwalimu, litakuja kutumeza?"

"Wewe umewahi kuona Kalambo ikapanda mlima kumfuata mtu Sumbawanga? Shimo jeusi haliwindi mtu. Liko mbali mno, na asiyekwenda ukingoni halina shida naye."

Watoto wakafurahi. Somo likaisha vizuri. Matata yakaanzia nyumbani.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, sisi tuliozaliwa hapa tunajua kwamba neno mwanga lina nyumba mbili. Kuna mwanga huu wa taa na jua. Na kuna mwanga yule anayewanga, mchawi, ambaye wakiwa wengi ni wanga. Sisi tumelibeba neno hilo mpaka kwenye jina la mji. Ukisema Dar es Salaam kwamba umetoka Sumbawanga, mtu anasogeza kiti. Wanasahau kwamba jina lenyewe, kwa tulivyoelezwa na wazee, linasema tupa uchawi. Wao wanaona uchawi tu, hiyo tupa hawaioni!

Basi. Msichana mmoja wa darasa lile, Leonia, alifika nyumbani mbio akamwambia babu yake, Mzee Theodory: "Babu, leo tumesoma shimo jeusi linameza mwanga!"

Mzee akaweka jembe chini. "Linameza mwanga?"

"Ndiyo babu. Likishameza ndiyo basi."

Mzee Theodory hakungoja chakula. Kufika Jumapili, baada ya misa, kijiji kizima kilikuwa na habari moja: Mwalimu Silvana ana shimo la kumezea wachawi.

Na habari hiyo iliangukia mahali pabaya. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa. Mfuko mmoja bei yake ilikuwa haishikiki. Mahindi yakasimama shambani manjano, mafupi. Watu wakatafuta wa kumlaumu, na wakampata kirahisi, kama kawaida yetu. Wakampata Bibi Kabula, mjane, mgeni, ambaye watu wake walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Macho yake yalikuwa mekundu, na hiyo ikawatosha kumwita mchawi. Mekundu ya nini? Ya moshi! Miaka yote hiyo anapuliza kuni mbichi, ulitaka yawe ya rangi gani?

Bibi Kabula alikuwa bibi yake Jenifer, yule aliyeuliza swali.

Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa darasani, kundi likaingia uwanja wa shule. Fimbo, mapanga, kelele. Katikati yao Bibi Kabula, peku, kanga moja. Wakamsukuma mpaka mlangoni. "Mwalimu, tumekuletea. Mtie kwenye shimo."

Anjela, binti wa marehemu, alikuwa darasa la tatu wakati huo. Alichungulia dirishani. "Mama alikuwa na chaki mkononi," ameniambia. "Aliitazama ile chaki, akaiweka mfukoni, akatoka. Akafunga mlango nyuma yake."

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Vicent, alikuwapo. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuogopa. Akamsogelea Mwalimu, akamwambia chini chini: "Sema shimo limemkataa. Watatawanyika, yaishe."

Wasikilizaji, njia ilikuwa nyeupe. Sentensi moja tu, na Bibi Kabula anarudi nyumbani. Wengi wetu tungeisema. Mwalimu Silvana alijibu kwa sauti ili wote wasikie: "Likimkataa huyu, Mwenyekiti, kesho mtaniletea mwingine. Siku lisipokataa, itakuwaje? Mimi ni mwalimu. Siyo mganga."

Kisha akawageukia. "Nani kamwamkia huyu bibi leo?"

Wa mbele wakageuka kuwatazama wa nyuma.

"Mmemtoa nyumbani kwake asubuhi hii. Ana umri wa mama zenu. Hakuna aliyemwamkia?"

Akapiga goti pale pale kwenye vumbi. "Shikamoo, bibi."

Bibi Kabula akajifunga vizuri kanga yake. "Marahaba, mwanangu."

Mwalimu akaleta kiti chake mwenyewe, akamkalisha. Akasimama mbele ya kiti. "Mahindi yenu hayajaliwa na mtu. Yamekosa mbolea. Mwaka juzi mliweka, mwaka huu wangapi wameweka? Bibi Kabula ndiye aliyepandisha bei ya mbolea?"

Mzee Theodory akapaza sauti. "Lakini mjukuu wangu hasemi uongo! Kasema shimo lako linameza mwanga."

"Leonia!" akaita Mwalimu. Mtoto akafungua mlango, akatoka. "Mwambie babu yako. Mwanga ukiingia kwenye shimo jeusi, inakuwaje?"

"Hautoki, mwalimu."

"Hatoki au hautoki?"

"Hautoki."

"Rudia, babu asikie vizuri."

"Hautoki, babu. Siyo hatoki. Siyo mtu. Ni ule wa taa."

Mzee Theodory akaegemea fimbo yake. Akalitafuna lile neno kama anayetafuta jiwe kwenye wali. "Hautoki." Akawatazama wenzake. "Yaani tumeacha palizi, tumekuja mbio na mapanga, kumbe ni wa taa?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kikafuata kicheko kingine. Panga moja likashuka, na jingine. Aibu ikawaingia watu wazima. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakikwepa kukitazama kile kiti.

Na ninyi msicheke haraka. Silabi moja ndiyo iliyosimama kati ya bibi yule na kaburi. Silabi moja, na mwanamke aliyekataa kupisha.

Shukrani aliyopata? Kabla muhula haujaisha alihamishiwa Kirando. Kosa lake, kufundisha nje ya muhtasari. Mkaguzi mmoja akamshauri kwa upole kwamba kule aendako, akilazimika kulitaja hilo shimo, atumie neno nuru, asichanganye watu. Alimjibu: "Neno mwanga ni letu. Nikiwaachia wachawi, watoto watasomea nini?" Na kila mwaka, Kirando, watoto wa wavuvi walisoma shimo jeusi. Kila mwaka aliandika ubaoni: hautoki, siyo hatoki. Hakuomba radhi kwa mtu.

Bibi Kabula aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alikufa kwa uzee, kitandani pake, wanawe wamemzunguka. Jenifer sasa ni mwalimu. Anafundisha Sayansi.

Nimalizie na Ijumaa, tulipomzika Mwalimu Silvana nyumbani kwao Matai. Msibani mtu mmoja akaanza. Eti mbona amekufa ghafla? Eti kuna mkono wa mtu. Macho ya watu yakaanza kutembea, yakamfikia kikongwe mmoja aliyekaa peke yake karibu na jiko.

Anjela akasimama. Alikuwa analia, lakini alisimama. "Mama amekufa kwa moyo. Daktari amesema, na mimi nasema. Asitafutwe mtu hapa." Halafu akaenda mpaka pale jikoni, akapiga goti mbele ya yule kikongwe, kaburi la mama yake likiwa bado bichi.

Kwa Anjela, kwa Bi Hilaria, kwa ukoo wote wa Mzee Alois, kwa walimu na watoto wa Kirando: poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Tumempoteza mtu, na inauma.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mahindi mwaka huu yanaweza kukataa tena. Mtoto anaweza kuugua. Mtaanza kutazamana. Kabla hujafungua mdomo, nenda kwa bibi yule wa jirani yako mwenye macho mekundu, yule mnayempita bila salamu. Mwambie shikamoo. Usiondoke mpaka akuitikie.