Saleha wa Tongoni na Mgongo wa Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, popote mnapotusikia, tunawaamkia. Leo tunamkumbuka Bi Saleha binti Kombo wa Tongoni, aliyefariki Ijumaa iliyopita kwa homa. Jina lake halikuvuma. Alikuwa mama wa Semeni, na habari yake ni habari ya mgongo wa mtoto.

Ilikuwa mwaka 1953, Idi inakaribia. Semeni alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake alikuwa akimpima gauni jipya, na pindo likapanda upande mmoja. Akalivuta. Likapanda tena.

"Simama wima, mwanangu."

"Nimesimama, mama."

Saleha akamvua gauni, akamgeuza. Bega moja lilikuwa juu kuliko jingine. Uti wa mgongo ulikuwa umekwenda upande.

Maneno yakaanza. Mavyaa wa Saleha, yaani mama wa mumewe, Bi Mwamvua, alimwambia mbele ya watu: "Ulimbeba vibaya kwenye mbeleko. Umemharibu mwenyewe." Maneno hayo yalimwingia Saleha. Chakula kikamshinda. Akitwanga, akifua, alijiuliza alimfunga vipi mtoto mgongoni, na alikosea wapi.

Mumewe, Sadalla, akamleta mtu kutoka Muheza, aliyesifika kwa kunyoosha viungo. Semeni akalazwa kifudifudi mkekani. Wanaume wawili wakamshika miguu. Mtoto akapiga ukelele. Hapo Saleha aliingia mbio, akajilaza juu ya binti yake.

"Akitaka kuvuta, anivute mimi kwanza!"

"Unanitia aibu mbele ya mgeni," akasema Sadalla.

"Aibu nitaibeba. Mtoto simtoi."

Kesho yake mama na binti walipanda lori la nazi hadi hospitali, Tanga. Daktari alimwinamisha Semeni, akautazama mgongo wake kwa makini. Msaidizi wake, Bwana Rafaeli, akatafsiri: "Mama, hali hii huja mtoto anapokua kwa haraka. Huwapata wasichana zaidi. Mara nyingi sababu yake haijulikani. Si mbeleko, si kubeba maji, si kukaa vibaya."

"Mwambie arudie," alisema Saleha.

Bwana Rafaeli akarudia. Si mbeleko, wasikilizaji wapendwa. Si mbeleko. Saleha akajifunika uso kwa kanga, akalia pale pale kwenye benchi.

Semeni alifungwa plasta toka kwapani hadi kiunoni. Anakumbuka: "Joto lilinitesa, nikiwashwa mpaka nalia. Mama alichukua njiti ya mnazi, akaifunga kitambaa laini nchani, akawa ananikuna ndani kwa ndani. Wenzangu waliniita ukuta. Mama akasema, basi waambie ukuta una masikio."

Plasta ilipotolewa, mgongo haukunyooka wote. Tusidanganyane hapo. Ila uliacha kupinda zaidi, na Semeni alikua, akarudi kucheza, akaolewa na Idarusi.

Bi Mwamvua alipopooza mguu, aliyemwogesha ni Saleha. Nilimkuta Bi Mwamvua juzi msibani, nikampa shikamoo, akanishika mkono. "Neno lile la mbeleko hakunirudishia hata siku moja," alisema. "Afadhali angenirudishia."

Naye Mzee Sadalla alisema maneno machache tu: "Siku ile alipomlalia mtoto, mimi nilikuwa na hofu. Yeye pia alikuwa na hofu. Lakini yeye alifanya jambo."

Wasikilizaji wapendwa, mtoto wako anapoingia umri wa kurefuka, mwinamishe umtazame mgongo. Ukiona bega limepanda, au upande mmoja wa mbavu umeinuka, mpeleke hospitali mapema. Usimvute, usimkande kwa nguvu. Na ukimwona mama wa mtoto wa namna hiyo, mtangulizie salamu kabla ya maoni.

Tunawapa pole Mzee Sadalla, Bi Mwamvua, Semeni na Idarusi, na jamaa wote wa Tongoni. Tunampa pole pia mtoto mchanga wa Semeni, aliyezaliwa Jumanne, siku nne baada ya maziko. Ni msichana. Wamemwita Saleha.