Meno ya Kamera

Benchi yetu iko hapa Salama, mbele ya hoteli ya Syombua. Ilitengenezwa na ubao wa lori lililoanguka mwaka ambao hata serikali imesahau, na ni ngumu, siku moja ilikaliwa na kwaya nzima ya kanisa ikaomba iongezwe watu. Hapo ndio tunakunywa kahawa ya Kikima, nyeusi hivi, ukimwagia maiti kikombe kimoja ataamka aulize bei ya mahindi. Wenye benchi ni watatu. Kuna Nzomo, tunamwita Meno, kwa sababu alikuwa dalali wa ng'ombe huko Kabati na hawezi kununua hata kiberiti kabla ya kuangalia meno yake. Kuna Muli Redio, ambaye hazimiki. Na kuna mimi, Profesa, nilitoka shule darasa la tano kwa sababu walimu waliishiwa na vitu vya kunifunza.

Asubuhi moja, lori la dereva mmoja, Gachanja, lilipata pancha hapo karibu. Akashuka na kamera ndogo ya kuingia mfuko wa shati, akasema anaiuza, na hataki pesa, anataka kitu cha kuchinja, nyumbani kuna wageni. Mbinya, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, akaruka kama ameumwa na siafu. Mpiga picha wetu hutoka Machakos mara moja kwa mwezi, na watu hawakubali kufa kwa ratiba yake. Mama ya Mbinya alizikwa bila picha hata moja. Basi Mbinya akaleta beberu, akamfunga kwa mguu wa benchi. Akiona kamera ni nzima, wabadilishane kabla tairi halijarudi. Gachanja akatuachia kamera akaenda kusimamia pancha. Alisema kitu kingine akienda, lakini Muli alikuwa anaongea.

— Wazee, nisaidieni, Mbinya akasema, mimi sijui kuangalia kamera.

Kuambia benchi yetu hivyo ni kumwagia kuku mtama.

Muli akaanza na pembe za kamera, akaonyesha pale rangi imetoka. Akasema hii imelima, angalia tu, ni kama mpini wa jembe. Mimi nikaona kamba yake ya shingoni.

— Kamba mpya, mwili mzee. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Hiyo methali ni ya kuku, Profesa, Muli akasema.

— Kwani hii haitagi picha?

Muli akaiweka kwa sikio, akafinya, ikalia kacha. Akasema sauti imekwaruza, hii imepiga matanga mengi, na kila maiti huacha uso kidogo huko ndani, ndio maana ni nzito. Akaomba pakiti ya sukari kwa hoteli, akapima mkono huu na huu, akatangaza kamera imeshinda. Syombua akauliza kutoka jikoni kama sukari yake itarudi. Mimi nikawaambia ile kamera niliona Mombasa, imezeeka mpaka ukipigwa picha leo unatoka umevaa nguo za jana.

Mbinya hakucheka. Alikuwa anaangalia tairi, limeanza kujazwa upepo.

— Ni nzima ama si nzima?

Nzomo akaweka kikombe chini. Akanyoosha mkono.

— Mwiitu, binti yangu, hawa wanaangalia ngozi. Ng'ombe mzee anapakwa mafuta anang'aa kama bibi harusi. Lakini mdomo haudanganyi. Usipofungua mdomo, utapeleka mzoga nyumbani.

Kidole chake kikapata kitu cha kufungulia kwa ubavu, na mgongo wa kamera ukafunguka. Jua la Salama, lile linakaanga yai likiwa bado ndani ya kuku, likaingia lote. Ndani kulikuwa na utepe wa kahawia, umenyooka, unang'aa.

Muli akazima.

Mbinya akanyakua, akafunga.

— Iko na filamu.

Hata mimi wa darasa la tano najua filamu ikionja jua ni nini hufanyika: picha huungua.

— Sikuona meno, Nzomo akasema, sauti chini.

Muli akanong'ona tunyamaze tu, kimya kingi kina mshindo, kamera yenyewe haijaumia. Na ilikuwa kweli. Mbinya alikuwa ameona ndani ni safi kama sahani ya wageni. Ilibaki kumfungua tu beberu.

Gachanja akaja akijipangusa mikono, na nyuma yake mama mmoja amejifunga leso, aliyekuwa amelala kwa lori. Ni bibi yake, Wariara.

— Kamera chukueni, Wariara akasema. Lakini mtutolee ile filamu kwanza, vile huyu aliwaambia. Iko na Cucu, mama ya huyu, amebeba mjukuu wake, mtoto wetu. Tumemzika juzi. Hatuna picha yake ingine.

 Mimi nikavuta kikombe changu karibu.

Mbinya akatuangalia, mmoja mmoja. Akaangalia beberu. Halafu akashika kamera na mikono miwili, akampa Wariara.

— Mama, tuliifungua. Sasa hivi tu. Nilifunga haraka.

Gachanja akakaa kwa benchi yetu kama mtu amekatwa miguu. Nzomo akatoa kofia. Wariara akaifunga kamera na leso, akaikunja mara mbili, akaiweka kifuani. Akageukia sisi wazee, sisi wenye kujua kamera, na hakuwa hata amekasirika.

— Na Cucu, bado yuko huko ndani?

Muli akaangalia Nzomo. Nzomo akaangalia mimi. Nikainua kikombe ninywe kwanza ndio nijibu, na kahawa ilikuwa imeisha.