Kitufe cha Kuomba Ruhusa

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tano, mwaka jana, nilifiwa na mume wangu. Ndugu zangu wa jumuiya, wengi wenu mlimzika. Leo nasema nililowaficha.

Alikuwa katibu wa kikundi chetu cha nyuki, kule porini mbele ya Goweko. Mizinga ya sisi kina mama aliitundika yeye, na njia za kuifikia ziliandikwa kwenye ukurasa wa wazi wa mtandaoni, kwenye simu zetu. Kila mwanachama anasoma, kila mwanachama anaandika. Mmoja akafuta njia ya mwenzake kwa bahati mbaya, mwingine akajaza masihara. Mume wangu akachoka, akahamishia yote kwenye faili lililofungwa, mfunguzi yeye peke yake. Tukapiga makofi. Hata mimi nilipiga!

Alipofariki, msimu wa kurina asali ukafika. Ukigusa faili, linakwambia: omba ruhusa. Watu wakaomba. Ombi linakwenda wapi? Kwenye simu ya marehemu! Na simu iko wapi? Kwenye sanduku langu, chini ya vitenge. Nawaambia ukweli, ilikuwa na chaji, na namba ya siri naijua. Kila asubuhi nilisoma majina ya wanaomwomba, nikaona bado anahitajika, nikaifunika. Nilipoulizwa, nilisema sijui iliko.

Wiki tatu watu wanazunguka pori, nyegere wanakula asali yetu. Nikachukia faili, nikachukia kitufe, nikamchukia na marehemu. Hata nyinyi mlioniletea uji niliwachukia.

Ndipo akaja mtani wake.

"Hodi, shemeji! Huyu mchoyo hata kaburini amekalia funguo? Mwambie ainuke kidogo!"

Nikacheka, kisha nikalia. Nikafungua sanduku mbele yake.

"Alaa! Ilikuwa hapa?"

"Ilikuwa hapa."

Hakunitukana. Tulikaa tukabonyeza "ruhusu," jina kwa jina. Mizinga mingi ilipatikana. Ya bibi mmoja ilikutwa imeshabomolewa yote na nyegere. Nilikwenda kumwomba radhi. Alisema, "Nimesikia," basi.

Namshukuru mtani, nakishukuru kikundi, nawashukuru kina mama wa uji. Mnaofanya kazi pamoja, nawaomba: maandishi yasomwe na wote, na wa kuyarekebisha wawe watatu hivi. Akiwa mmoja, siku moja atakufa.

Kikundi chetu kimeshachagua watatu wake, na jana mmoja wao aligusa maneno ya marehemu. Palipoandikwa "vukeni daraja la magogo," sasa pameandikwa "daraja limeoza, zungukeni kwa juu." Nilisoma mara mbili. Nikaacha hivyo hivyo.