Fundi Aliyeuliza "Yapi?"

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi mkuu wa giaboksi katika karakana yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake liko kwenye barua ya kustaafu, lakini hapa kazini ukiliuliza utaangaliwa kama mgeni. Sisi tunamjua kwa jina la Mama Yapi, na karani wa mishahara naye alishakata tamaa, anamwita hivyo hivyo.

Jina hilo alijichumia mwenyewe. Alipoajiriwa, karakana nzima ilikuwa na jibu moja kwa kila swali la mafuta: yale yale. Giaboksi ikifunguliwa, mtu akiuliza itiwe nini, anaambiwa itiwe yale yale. Yeye, mgeni wa wiki moja, akasimama katikati ya mafundi waliomzidi umri na kifua, akauliza: "Yapi?" Wakacheka. Akauliza tena. Hajaacha kuuliza hadi leo, na mumewe anatuambia kwamba hata nyumbani ukimwambia mafuta yamekwisha, lazima kwanza ajue ni ya kupikia, ya taa au ya kujipaka.

Mimi ninayeandika wasifu huu ni mtunza stoo, kwa hiyo swali hilo nimelisikia kuliko mtu yeyote. Na hapa stoo ndipo palipokuwa na mtego wenyewe. Tulikuwa na aina mbili za mafuta mazito zilizoitwa kwa jina moja, tisini, kwa namba ya uzito iliyoandikwa kwenye makopo. Moja ilikuwa ya giaboksi, nyingine ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Rangi moja, harufu inakaribiana, na fundi akija dirishani akisema nipe tisini, alipewa iliyo karibu na mlango. Mama Yapi ndiye aliyetutenganishia majina. Giaboksi haina mafuta ya jumla, alisema. Kuna zinazotaka tisini ya giaboksi, kuna zinazotaka yale mekundu mepesi, na kuna zinazokunywa mafuta ya injini na kushukuru. Anayejua ni aliyeitengeneza, naye ameshaandika kwenye kitabu cha gari. Sisi kazi yetu ni kusoma, si kubahatisha.

Somo hilo lilitukaa vichwani kwa sababu ya Bi Harusi. Hilo ni gari la kliniki, linalobeba wauguzi na masanduku ya chanjo. Lilipewa jina hilo kwa sababu halikuingia gia ya pili mpaka libembelezwe. Asubuhi lilikwaruza hadi wauguzi wakaziba masikio. Kila lilipolalamika liliongezewa mafuta yale yale mazito, na kila lilipoongezewa lilizidi kununa. Mwishowe mkuu wa karakana akaamua lipigwe mnada. Dereva wake, tunayemwita Mwendo Pole, alikuwa kibarua wa gari hilo hilo. Likiuzwa, naye anarudi nyumbani, na mkewe alikuwa na kichanga cha mwezi mmoja. Mwendo Pole aliacha kutania watu. Aliyekuwa hamalizi chai bila kuchekesha meza nzima, sasa alikunywa akiangalia ukuta.

Mama Yapi aliomba apewe gari hilo kabla ya dalali. Akalipandisha juu, akafungua nati ya chini, akayaacha mafuta yachuruzike kwenye beseni. Yalikuwa yanametameta kwa vumbi la njano. Akamwita dereva, akamwuliza giaboksi hii imekuwa ikitiwa nini.

"Yale yale, dada," akajibu Mwendo Pole.

"Yapi?"

"Si tisini?"

"Tisini ya giaboksi, au ya difu?"

Hapo kila mtu alipata kitu cha kuangalia sakafuni, mimi wa stoo nikiwa wa kwanza. Akatueleza bila hasira. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba zinazopatanisha kasi za gia kabla meno hayajakutana. Mafuta yale ya difu yana dawa kali inayotafuna shaba, na ule uzito nao huzifanya pete ziteleze pale zinapotakiwa kushika. Vumbi la njano kwenye beseni lilikuwa pete zenyewe.

Kitabu cha gari kilitaka mafuta mepesi kuliko hayo, tena ya daraja lisilogusa shaba. Stoo hayakuwepo. Mama Yapi akakataa kuifunga ile nati mpaka yapatikane, mkuu akakasirika, dalali akapiga simu, yeye akakaa juu ya tairi akala chakula chake cha mchana. Alipokwenda dukani, muuza vipuri alitaka kumpa mazito zaidi kwa kuwa gari ni zee. Akamjibu kwamba uzee si ugonjwa na uzito si dawa, akaenda duka la pili, akayapata, akarudi kuyatia.

Jioni Mwendo Pole alilipandisha gari kile kilima cha nyuma ya stoo. Gia ya kwanza, kisha ya pili, na hatukusikia kitu. Alipogeuza alikuwa ameshusha kioo, anacheka peke yake, machozi yamemfika kidevuni. Mnada ukafutwa. Pete zilikuwa zimeshaliwa kidogo, hivyo hadi leo asubuhi za baridi Bi Harusi hutaka subira kidogo, lakini barabarani yupo, na kile kichanga sasa kinanyoa ndevu.

Tusimpambe kupita kiasi. Mama Yapi anajua kila jino lililo ndani ya giaboksi, lakini kurudi nyuma kwa gari hajui, na nguzo ya geti letu ina alama za kutosha kuthibitisha. Chai yake haina sukari wala huruma. Ukikosea atakununia hadi saa ya kutoka, halafu kesho yake atakuletea andazi, na neno la jana hatalirudia.

Alichoogopa katika kustaafu kilikuwa kimoja, na alikisema wazi mwezi uliopita: kwamba akitoka getini, yale yale yataingia. Tulimwahidi kwamba sivyo. Hakutuamini, nasi hatukumlaumu.

Jumatatu iliyopita Bi Harusi aliletwa kubadilishiwa mafuta. Fundi anayemrithi aliingia chini ya gari, na Mama Yapi akasimama kando, mikono nyuma, kama mzazi siku ya mtihani. Nati ikafunguliwa, mafuta ya zamani yakaisha, na sauti ikatoka chini ya gari ikiomba mafuta. Mama Yapi akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, Mwendo Pole akachungulia kutoka kwenye kiti chake.

"Yapi?"

Karakana nzima iliangua kicheko. Mama Yapi hakucheka. Alichukua kitambaa akafuta mikono ambayo siku hiyo haikuwa na mafuta, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akaenda kunywa chai.

Dada yetu, asante kwa swali lako. Nenda salama, likibaki kwetu liko nyumbani. Tunakuombea afya na siku zinazoingia laini, moja baada ya nyingine, bila kukwaruza.