Mama Kitambaa na Mabomba Manne

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kukagua magari, Mama Kitambaa anastaafu. Jina lake la kwenye mafaili tunalijua wachache, na mwenyewe akiitwa kwa hilo huchelewa kuitika.

Alipoajiriwa alipangiwa njia ya pili ya ukaguzi, ile ambayo shimo lake la kukagulia magari kwa chini huingia maji mvua ikinyesha, na hakuhama tena. Kitambaa chenyewe ni kipande cha taulo la bluu. Hukikunja, akaziba nacho mdomo wa ekzosi, lile bomba la kutolea moshi, injini ikiwa imewashwa, halafu hufumba macho. Moshi ukikosa njia hutafuta pa kutokea, na kama kuna kiungo kinachovuja hutoa sauti ndogo. Mama huisikia hata redio ya dereva ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho. Sote aliotufundisha tulianza kazi kwa kufumba macho kando ya magari. Wageni walidhani tunasali.

Upendeleo haujui. Gari la shemeji yake lilikataliwa mara tatu, na kwenye shughuli za familia wawili hao wakawa wanasalimiana kwa vichwa tu. Lakini ni yeye pia aliyewasumbua wakubwa mpaka madereva wakajengewa kibanda cha kusubiria. Alisema mtu utakayemkatalia gari usimchomeshe na jua.

Kanuni yetu ni kwamba mkaguzi hashiki spana: anaangalia, anasikiliza, anaandika. Mwaka jana dereva mmoja wa teksi, aliyekataliwa kwa mara ya pili, alimvaa mbele ya foleni nzima: “Mama, kusema kafunge upya ni rahisi. Ungekuwa unafunga wewe, ungetuonea huruma.” Watu wakacheka. Mama hakucheka. Jioni hiyo alitutangazia kwamba hastaafu kabla hajafunga ekzosi kwa mikono yake, nyumbani kwake, na kulileta gari kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote. Likigoma kupita, basi yule dereva alikuwa na haki, na miaka yote hiyo yeye alikuwa akiwaamuru watu jambo asiloliweza.

Gari lake lilikuwa na ufa kwenye manifoldi, kile chuma kinachopokea moshi kutoka kwenye injini, na ya aina ile haitengenezwi tena. Akanunua mabomba ya kampuni nyingine, manne yanayotoka kwenye injini na kuungana kuwa moja. Muuza spea alimhakikishia kwamba gari litanguruma mtaa mzima usikie. Akajibiwa kwamba likinguruma tu, mabomba yanarudi dukani.

Kazi ilifanyika uani. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikwa na kutu, zikalowekwa mafuta wiki nzima, na bado moja ilikatika. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, ndiye aliyeshikilia mabomba wakati Mama akipapasa matundu ya bolti kwa kidole. Kila alipochoka mikono, mzee aliuliza kama kweli hakuna namna ya kuyashona.

Siku alipolileta, aliyemshikia zamu njia ya pili nilikuwa mimi. Nikaziba, nikafumba macho, nikaomba Mungu nisisikie kitu. Nikasikia. Nilipofumbua macho Mama alikuwa ananitazama, naye alishasikia kabla yangu.

“Andika,” akasema. “Unasubiri nini?”

Nikaandika kwamba gari limekataliwa. Sijawahi kuona uchungu kazini kama siku ile.

Kosa alilipata mwenyewe uani. Alikaza bolti injini ikiwa ya baridi, akadhani kazi imeisha. Kumbe gari likishapata moto na kupoa, bolti hulegea, na sharti zikazwe tena, kuanzia za katikati kwenda pembeni. Akazikaza, akarudi kwenye foleni, akasimama nyuma ya teksi ya yule yule dereva. Akamwendea mbele ya watu. “Kufunga ni kazi, baba, nimeona. Ulisema kweli. Lakini lako bado linavuja.” Kisha akamwelekeza namna ya kukaza mara ya pili. Zamu yake ilipofika nikaziba, nikafumba macho, nikangoja. Nilichosikia ni watu wa kibandani wakipiga soga. Likapita.

Mama, asante kwa masikio uliyotupa, na kwa kukubali kukataliwa na mwanafunzi wako bila kununa. Tutakukosa sana. Tunawaombea wewe na mzee afya, usingizi mnono na safari nyingi. Kitambaa umetuachia, na kinabaki njia ya pili. Siku ya kuagana, ukishawasha gari, usipige honi. Tutasimama getini tumefumba macho, na tusiposikia kitu tutajua umeshaondoka.