Mzee Karasawa Anachagua Springi Zake Mwenyewe

Leo, tarehe 31 Machi, Mzee Shigenobu Karasawa anavua ovaroli yake ya buluu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi katika Karakana ya Nezu, hapa Ota. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye ninayeipokea kaunta yake ya springi. Nilikubali haraka, nikidhani ninamfahamu. Tangu mwezi wa pili sina uhakika huo tena, na nikiwatazama wenzangu naona nao hawana.

Alianza kama fundi wa kubana springi, kazi inayoonekana ndogo mpaka springi imchomoke mtu mkononi. Kovu lililo kidevuni mwake ni la mwaka wake wa kwanza. Baadaye alihamishiwa kaunta, na huko ndiko wateja walikomjua. Wengi wao wana saluni za mbio, yale magari ya milango minne yenye injini kali kuliko sura zake, na wote huja na ombi moja: gari lishushwe. Lishushwe kiasi gani na kwa springi zipi, hapo ndipo kichwa huanza kuuma. Zikiwa ngumu mno, gari linaruka kwenye kila kiraka cha lami. Zikiwa laini mno, linayumba kwenye kona za mlima Akagi. Zikiwa fupi mno, zinalegea na kucheza gari likinyanyuliwa kwa jeki, na mkaguzi hatoi stika.

Mzee Karasawa alikuwa na utaratibu wake, ambao sijauona kwenye karakana nyingine yoyote. Mteja akimaliza kueleza anachotaka, aliambiwa, "Kamlete anayekaa kiti cha nyuma." Asipomleta, hauziwi. Mtu huyo alipandishwa kwenye gari letu la majaribio na kuzungushwa kwenye tuta la mto Tone, huku Mzee akiendesha na kumtazama usoni kupitia kioo cha ndani. "Dereva atakwambia chochote," alinifundisha. "Ana usukani wa kushikilia. Wa nyuma ana mgongo wake tu."

Ndiyo maana kaunta yetu imepokea wake, wakwe, watoto wa chekechea na bibi. Kijana mmoja kutoka Kiryu alimleta bibi yake, akiamini atashauriwa achukue seti laini kwa heshima ya umri. Bibi alizungushwa akiwa na fungu la vitunguu mapajani.

"Bibi, pole, umeumia?" Mzee akamuuliza.

"Niumie na nini? Linanesanesa kama godoro hili. Mpe ngumu, huyu mjukuu wangu anasinzia akiendesha."

Mteja mwingine, asiye na mke wala mtoto, alimleta mbwa. Mbwa akatapika. Mteja aliondoka na seti laini, sisi tukabaki na harufu mpaka majira ya mvua. Orihara, fundi wetu mkuu, ndiye aliyembandika Mzee jina la Daktari wa Makalio, na nawaomba radhi wageni wetu wa leo, lakini jina hilo limekaa.

Mwezi wa pili Bwana Nezu, mwenye karakana, alitangaza kwamba zawadi ya kumuaga isiwe saa ya ukutani. Mzee achague seti yoyote ya springi rafuni, Orihara ataifunga kwenye gari lake. Saluni yake ya rangi ya fedha ina umri wa kunizidi. Springi zake za kiwandani zimechoka, mkia unaburuta, na kiwanda kiliacha kuzitengeneza siku nyingi, kwa hiyo hana njia ila kuchukua za kampuni nyingine, ambazo zote hushusha gari kidogo. Naye analihitaji gari hilo. Yeye na mkewe, Bi Yasue, wamepanga kushuka hadi Kagoshima, kisha kupanda taratibu pamoja na maua ya mcheri, mji kwa mji, hadi kaskazini yanakochanua mwisho. Bi Yasue alipasuliwa mgongo mwaka juzi. Springi zisipomfaa, hakuna safari.

Tulidhani atachagua kabla chai haijapoa. Alichukua seti laini, Orihara akaifunga. Baada ya siku chache Mzee akarudi: "Toa." Akachukua seti ngumu. "Toa." Akachukua ile ambayo mizunguko yake imebanana upande mmoja, laini kwenye matuta madogo na ngumu kwenye kona. "Toa."

"Mzee wangu," Orihara akasema, "hizi tairi nimezifungua mpaka zinaniita baba. Zinagonga?"

"Hazigongi."

"Zinayumba?"

"Haziyumbi."

"Sasa shida nini?"

"Sijui."

Neno hilo lilitushtua. Hatukuwahi kulisikia kutoka upande ule wa kaunta. Bwana Nezu alisema Mzee anaogopa kustaafu. Orihara alisema ni uzee wenyewe. Mimi nilikaa na vipimo vya ugumu wa kila seti nikachora jedwali, na jedwali likaonyesha wazi kwamba seti ya pili, ile ngumu, ndiyo bora. Nilimpelekea. Alilisoma lote, akasema nimepatia kabisa, seti ya pili ndiyo bora. Lakini hakuitaka.

Alijieleza mchana mmoja tukila tambi za udoni. "Kila seti ninamzungusha Yasue. Nikimuuliza, hizi je? Ananijibu, sawa tu. Laini, sawa tu. Ngumu, sawa tu. Mke wangu aliuficha ule mgongo mpaka siku alipoanguka jikoni. Siku ile asubuhi nilimuuliza pia. Sawa tu."

Alisukuma bakuli pembeni. "Wageni ninawasoma kwenye kioo. Yeye simsomi. Siwezi kumzungusha nchi nzima huku anajikaza nyuma yangu. Nisipojua kabla sijastaafu, ninaliuza gari, tunabaki nyumbani."

Kisha akaniomba nipande nyuma pamoja na mkewe. Labda mwanamke mwenzake angeambiwa ukweli.

Tulitoka Jumapili, seti ya pili ikiwa imerudishwa kwa ombi langu. Bi Yasue ni mwembamba, na siku hiyo alikuwa amejifunga skafu ya sufu. Kwenye kila kiraka cha lami nilimwangalia mdomo, mikono, mabega. Sikuona kitu. Mzee alisimama kwenye duka la pembeni mwa tuta kununua chai ya moto, nami nikaona ndio wakati.

"Mama, niambie mimi. Mgongo unauma?"

"Hauumi, binti yangu. Daktari ameshaniruhusu hata kupanda milima."

"Na hizi springi?"

"Kwangu zote sawa tu. Huku nyuma najilalia."

"Si umwambie hivyo? Mwenzio halali."

"Nimwambie mara ngapi? Ananikodolea macho kwenye kioo kama ninafanya mtihani." Alitazama kiti kilichokuwa wazi mbele yake. "Maisha yote nimekaa pale. Namsomea ramani, namkemea. Nilipotoka hospitali akaniweka huku, eti ndiko kwa kupimia. Mwaka wa pili huu naona kisogo chake tu. Kisogo chenyewe kimeota mvi. Nimechoka nacho."

Sikujua kama hilo lilikuwa la kusemwa na mgeni. Mzee aliporudi na makopo ya chai nilishusha kioo nikamwambia, "Mama anataka kukaa mbele."

Aliinama dirishani. "Mbele? Mbele hutasikia kitu, Yasue. Utajuaje kama linakuumiza?"

"Sitaki kusikia kitu, Shige. Nataka kuona njia. Nifungulie mlango."

Alimfungulia. Hatukuwa hata tumefika darajani. "Punguza mwendo," Bi Yasue akasema. "Kona ile. Kaa kushoto. Na hili gari mbona linadunda hivi, tumebeba mawe? Zile springi za kwanza zilikuwa na afadhali. Wewe unauza nini huko kazini?"

Mtu ambaye dakika chache zilizopita hakuona tofauti yoyote! Nimejaribu kulielewa jambo hili na jedwali langu halinisaidii. Huenda ukiona shimo kabla hujalifikia, mwili hujiandaa, ndipo unalihisi. Huenda mbele ana mtu wa kumlaumu. Huenda utaratibu wa kiti cha nyuma ulikuwa na kasoro miaka yote hii, na wale wateja walikuwa na bahati tu. Nilimuuliza Mzee nifuate utaratibu upi nikibaki peke yangu kaunta. Aliniambia hajui, na safari hii alilisema neno hilo bila wasiwasi wowote.

Jumapili ile nilikuwa nimebaki peke yangu nyuma, nikamwona usoni kupitia kioo. Alikuwa anakemewa kwa mwendo, kwa kona, kwa breki, na alikuwa anacheka bila sauti.

Kesho yake alifika karakanani kabla ya Bwana Nezu. "Orihara, rudisha zile za kwanza."

"Tena? Kwa nini, Mzee?"

"Amelalamika!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu.

Mzee Karasawa, tunakushukuru kwa migongo yote uliyoijali, ya watu na ya yule mbwa. Bi Yasue, asante kwa kutuazima mumeo muda wote huu. Gari liko nje, Orihara amekaza kila nati, na kesho mnaanza kushuka kusini. Tunawaombea afya, maua mengi na barabara nzuri. Na pale itakapokuwa mbaya, mama, mwambie.