Ubao wa Mwenyeji

Sauti iliyonibakia ni ya gurudumu la ubao wa chaki. Lililia kila lilipozunguka, na kila mwaka, likizo ndefu ilipoanza, kilio hicho kilipita kwenye korido kututangazia kwamba wanahisabati wanakuja. Aliyeusukuma ubao ule ni mhadhiri wetu wa aljebra, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Sote tunamwita Mwenyeji.

Aliajiriwa kufundisha na kutafiti. Katika mwaka wake wa pili, idara ilitafuta mtu wa kupokea wageni wa kongamano la utafiti la kiangazi, kwa mwaka huo mmoja tu. Akakubali. Tangu hapo wageni wamelala katika mabweni yaliyoachwa na wanafunzi, na yeye ndiye aliyetafuta magodoro, akambembeleza mpishi, akamkimbilia fundi bomba. Aligawa shuka huku akitania: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mbao aliziweka bwaloni, kwenye ngazi, hata nje ya msalani, kwa kuwa aliamini watu hawa hufikiri vizuri wakiwa njiani kwenda kwingine. Maprofesa wawili wasiosemezana aliwapa chumba kimoja na ufunguo mmoja. Kabla juma halijaisha walikuja pamoja kuomba chaki, na walichokithibitisha leo tunakifundisha mwaka wa tatu. Bingwa mmoja wa nadharia ya namba alifika mwezi mzima kabla ya wakati, akashikilia kuwa kalenda ndiyo iliyokosea. Mwenyeji akamtandikia kitanda. "Bora umewahi, baba. Kaa, tuwangoje wenzako."

Ubao wenye gurudumu bovu ulikuwa wake. Kwenye kona ya juu aliandika swali lake mwenyewe la nadharia ya makundi, akalizungushia duara ili lisifutwe. Wageni walijaza nafasi iliyobaki kwa maswali yao. Yeye alipata muda wa kuliandika upya tu, kila lilipofifia. Mwaka jana nilimuuliza atalirudia lini. Akacheka. "Wakishaondoka, mwanangu." Mchana ule bomba la bweni likapasuka.

Wageni walikuja, wakapona. Mwenyeji hakupona.

Idara inamshukuru, na shukrani zetu ni za kweli. Wapo ambao bila yeye wasingejulikana katika hisabati, nami nilijifunza kwake kukaa na swali bila kulikimbia. Mwezi uliopita mkuu wa idara aliniita, akaniwekea mezani funguo za mabweni. Mwaka mmoja tu, alisema.

Mwenyeji, tunakutakia siku ndefu zisizobishwa hodi na mgeni yeyote mwenye begi. Funguo nilimrudishia mkuu Jumatatu, nikamwomba agawe zamu kwa wote, waume kwa wake, aanze na yeye mwenyewe. Jana nimeusukuma ubao wako hadi sebuleni kwako, gurudumu likilia njia nzima. Kona ile sikuigusa. Chini yake nimeacha vipande viwili vya chaki, kimoja chako, kimoja changu.